Mashine ipi ya kunyonya vumbi inafaa karakana ya uani?

Mheshimiwa Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma, mkazi wa Mikanjuni hapa Tanga. Tangu nilipokabidhi ofisi nimerudia useremala, kazi niliyoipenda tangu ujana lakini sikuwahi kupata nafasi ya kuifanya ipasavyo. Nimejenga uani banda la matofali lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Ndani yake nina msumeno wa meza wa inchi 10, mashine ya kuranda, na sanda, yaani mashine ndogo ya umeme ya kupigia msasa, ya kushika mkononi. Natengeneza vitanda, meza na makabati kwa mtiki kutoka Muheza, mninga ninapoupata, na mara mojamoja natumia MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kwa milango ya makabati ya jikoni.

Kinachonisumbua ni vumbi. Maranda hayana shida, kwa kuwa jirani anayefuga kuku huja kuyachukua kwa magunia. Shida ni ule unga laini unaobaki hewani hata baada ya mashine kuzimwa, ukatua juu ya kila kitu. Mama watoto analalamika kwamba nguo alizofua asubuhi anaziokota kambani zikiwa na rangi ya mninga. Kubwa zaidi, mpwa wangu anayenisaidia kazi ameanza kukohoa usiku, na siku tunapopasua mninga macho yake huvimba. Tunajifunga vitambaa puani, lakini sioni kama vinasaidia.

Nimeulizia na kupata njia tatu. Muuzaji mmoja wa mjini ana kifyonza vumbi kikubwa cha ndoo ya lita 30, na anasema kinatosha kwa mashine zote. Mwingine ataniagizia kutoka Dar es Salaam mashine ya mifuko miwili yenye mota ya nguvu za farasi 2. Wa tatu ni fundi wa kuchomelea, ambaye ameona kwenye simu picha ya saikloni, yaani pipa la koni linalozungusha hewa ili maranda yadondoke chini, na anasema ataniundia ya bati kwa bei nafuu. Rafiki yangu naye ananionya kwamba mashine isiyo na chujio la mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita) ni kutupa fedha. Fungu nililotenga linatosha kununua kitu kimoja tu na mabomba yake.

Kwa faida yako, madirisha mawili ya banda yako mashariki, na upande huo ndiko kuliko jiko la nje na kamba ya nguo. Mlango uko kusini. Nyuma, upande wa magharibi, kuna uchochoro wangu wa mita 2 hivi, kisha kiwanja cha minazi kisichojengwa. Nichague lipi?

Mstaafu, Mikanjuni, Tanga

*

Wa alaykum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Nakushukuru kwa kunieleza mpaka mahali ilipo kamba ya nguo, kwa sababu ramani hiyo ya uani ndiyo iliyonipa jibu. Nunua mashine ya mifuko ya nguvu za farasi 2, lakini usiiweke ndani ya banda. Iweke nje, katika ule uchochoro wa magharibi, na upitishe mabomba ukutani.

Nianze na rafiki yako na chujio lake la mikroni 1. Hakusema uongo, ila ushauri wake umezaliwa katika nchi za baridi. Huko seremala hufunga milango na madirisha miezi mingi ya mwaka na kulipia gharama ya kupasha joto karakana yake, kwa hiyo hewa iliyonyonywa hana budi kuirudisha ndani, na hewa inayorudi ndani lazima ichujwe hadi chembe ndogo kabisa, la sivyo mashine inakuwa kazi yake ni kuokota maranda na kuwarushia wenyewe usoni ule unga wa hatari. Wewe uko Tanga. Huna joto la kulinda. Hewa iliyotumika itoke nje iende zake, na nyingine iingie dirishani. Mfuko wa kawaida wa kitambaa, ambao kwa kawaida huzuia chembe za mikroni 30 hivi na kuachia zilizo ndogo zaidi, haufai ndani ya chumba unachopumulia, lakini nje, upande usio na watu, unatosha. Fedha ya chujio iende kwenye mabomba na kwenye kufunika mashine zako vizuri, kwa maana vumbi lisiloingia kwenye bomba haliponywi na chujio lolote.

Upande wa magharibi ndio unaofaa kwa sababu ya pepo zetu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na zote mbili husukuma kuelekea bara. Kitakachopenya kwenye mfuko kitaelekea minazini, mbali na jiko na nguo za mama, na dirisha la mashariki litaingiza hewa safi kwa msimu wowote. Siku kiwanja hicho kitakapojengwa, hesabu hii itabadilika na itakubidi ununue mfuko bora zaidi. Vinginevyo ugomvi wa nguo utahamia kwa jirani.

Sasa nieleze kwa nini nimekikataa kifyonza cha ndoo, ijapokuwa si kifaa kibaya. Kuna namna mbili za kunyonya. Kifyonza kina mvuto mkali sana lakini kinapitisha hewa kidogo, kiasi cha mita za ujazo 200 kwa saa au zaidi kidogo, kupitia bomba jembamba. Feni ya mashine ya mifuko ina mvuto dhaifu, pengine sehemu ya kumi ya ule wa kifyonza, lakini inahamisha hewa nyingi mara kadhaa. Sanda yako, yenye tundu dogo na matobo madogo kwenye sahani yake, inataka mvuto mkali. Mashine ya kuranda inatema maranda kwa wingi na kwa kasi, nayo inataka hewa nyingi. Ukiifunga kwenye kifyonza, ndoo ya lita 30 itajaa kabla hujamaliza mbao chache, na bomba litaziba kwenye kona ya kwanza. Muuzaji anayesema chombo kimoja kinatosha kwa zote anauza alichonacho.

Ili unga na maranda visafiri bombani bila kutuama, kasi ya hewa inayotakiwa kwa kazi za mbao ni takriban mita 20 kwa sekunde. Katika bomba la inchi 4 kasi hiyo ni sawa na mita za ujazo 560 hivi kwa saa. Katika bomba la inchi 6 ni karibu 1,300. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Karatasi ya mashine ya nguvu za farasi 2 inaweza kuandika mita za ujazo 2,000 kwa saa au zaidi, lakini kipimo hicho huchukuliwa feni ikiwa tupu, haina bomba wala mfuko uliochafuka. Ukishafunga vyote hivyo utabakiwa na sehemu tu ya hewa hiyo, na kila kona, kila mita ya bomba lenye mikunjo na kila kiungo kinachovuja kitachukua chake.

Kwa hiyo fanya hivi. Sogeza msumeno na mashine ya kuranda karibu na ukuta wa magharibi. Mashine za mifuko za aina hiyo kwa kawaida huja na mdomo wenye pacha mbili za inchi 4. Usijenge bomba kuu la kuzunguka banda zima kama unavyoona kwenye picha za karakana kubwa; toa njia moja kwa ajili ya msumeno na nyingine kwa ajili ya mashine ya kuranda, kila moja ikitoboa ukuta mkabala na mashine yake, na kila moja iwe na kilango cha kuteleza cha kuifunga isipotumika. Unafanya kazi na mashine moja kwa wakati mmoja, basi feni yote iitumikie mashine hiyo. Kilango chenyewe ni kipande cha plaiwudi kinachopita kati ya vipande vingine viwili vyenye tundu. Kwa fundi mwenye msumeno hiyo ni kazi ya alasiri moja.

Bomba la plastiki la maji taka la inchi 4 linafaa, kwa kuwa ndani ni laini. Lile bomba laini lenye mikunjo linakaba hewa mara kadhaa kupita bomba nyoofu la urefu uleule, kwa hiyo litumie kipande kifupi tu, chini ya mita 1, pale mwisho panapounganika na mashine. Penye kona, tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90. Na usishawishike na mtu atakayekwambia uweke bomba la inchi 6 kwa sababu kubwa ni bora. Ikiwa mdomo wa mashine yako umebaki inchi 4, hewa itakayopita humo itapunguza mwendo ikiingia kwenye bomba pana, na maranda yatalala humo mpaka yatakapoziba njia.

Msumeno wa meza ndio utakaokusumbua zaidi, na hapa nakuomba usome polepole. Misumeno mingi ya bei ya wastani iko wazi chini, miguu minne na mota ikining'inia, na vumbi humwagika pande zote. Ukichomeka bomba kwenye hali hiyo, feni itanyonya hewa ya chumba na kuliacha vumbi. Tengeneza sanduku la plaiwudi linalozunguka sehemu ya chini, sakafu yake ikiwa imeinama kuelekea tundu la bomba, na funga mianya mikubwa, ila usiizibe mota kiasi cha kukosa hewa ya kupoza, na mpini wa kuinamisha msumeno uachiwe nafasi ya kupita. Hata ukifanya hayo yote, bado meno ya msumeno yanabeba vumbi na kulitupa juu ya meza kuelekea kwako unapopasua, na vumbi hilo ndilo linaloingia puani. Lazima kuwe na kifuniko juu ya msumeno chenye kibomba cha inchi 2 na nusu, kinachojiunga na njia ileile ya inchi 4. Kama msumeno wako ulikuja na kifuniko ukakivua kwa kuwa kinazuia kuona mstari, kirudishe. Kinalinda vidole vilevile.

Mashine ya kuranda haina siri nyingi. Ukiweza kuipatia kofia yenye mdomo wa inchi 4 inayofunga vizuri, feni itamaliza kazi.

Hewa inayotoka lazima ipate pa kuingilia. Banda lako, nikikisia dari ya mita 2.7, lina mita za ujazo 65 hivi. Feni ikihamisha mita za ujazo 900 kwa saa, hewa yote ya chumba inabadilishwa kila dakika nne na ushei, jambo ambalo peke yake ni dawa ya lile vumbi linaloelea baada ya mashine kuzimwa; iache feni iendelee kunyonya kwa dakika kadhaa baada ya kukata ubao wa mwisho. Lakini madirisha yakifungwa mvuto utapungua, na madirisha yakiwa wazi huku jiko la mkaa likiwaka chini yake, moshi wa jiko utaingia karakana na cheche zinaweza kuufuata. Mwombe mama, kwa adabu zote, jiko lisogee mbali na dirisha. Baada ya kamba yake kuwa salama, nadhani atakubali.

Kuhusu saikloni ya bati, simdharau fundi wako wa kuchomelea. Saikloni nzuri hutenganisha maranda na sehemu kubwa ya unga kabla havijafika kwenye feni, lakini inafanya hivyo kwa kuila nguvu ya hewa, na vipimo vyake, yaani uwiano wa mdomo, urefu wa koni na bomba la katikati, havikisiwi kwa kutazama picha. Feni ya nguvu za farasi 2 haina ziada kubwa ya kuilisha saikloni. Tena saikloni si mashine kamili: bila feni ni pipa tu, na feni hiyo bado ungepaswa kuinunua. Faida yake kubwa ni kutokufungua mfuko mara kwa mara, na kwako mfuko wa chini ukijaa, jirani wa kuku yupo.

Hapo kwa jirani pana jambo. Maranda ya mashine ya kuranda yanapotoka peke yake ni makubwa na safi. Yakipita kwenye feni pamoja na unga wa msumeno yanachanganyika, na kuku nao wana mapafu. Yachekeche kwenye wavu kabla ya kumpa. Na kabla hujagusa MDF, toa kwanza kilichomo mfukoni, kisha vumbi la MDF lifunge kwenye gunia lake ulitupe. Lina gundi yenye fomaldehaidi. Vivyo hivyo kwa mbao zilizotiwa dawa, ambazo maranda yake hayafai bandani kwa kuku wala jikoni.

Narudi kwa mpwa wako, maana yeye ndiye mwenye haraka kuliko sote. Kikohozi cha usiku na macho kuvimba anapopasua mninga ni dalili kwamba mwili wake umeanza kuikataa mbao hiyo. Vumbi la mninga na la mvule linajulikana kwa kuwasha pua na macho na kuwaletea baadhi ya watu pumu, na mtiki huwatoa wengine vipele. Hali hiyo ikishaanza, mara nyingi huongezeka kila anapokutana na vumbi lilelile, hata likiwa kidogo. Mpeleke hospitali ya Bombo aonwe na daktari, amweleze wazi kwamba anafanya kazi ya mbao na ataje ni mbao gani. Mpaka atakaporudi na jibu, asipasue mninga. Usidhani namtisha: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua na mashimo yake. Nchi za Ulaya zimeshusha kiwango cha vumbi la mbao ngumu kinachoruhusiwa kazini hadi miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kiasi hicho machoni huwezi hata kukitambua.

Vitambaa mnavyojifunga havizuii chembe hizo, maana nyuzi zake zina nafasi kubwa kuliko chembe na hewa hupita pembeni. Nunueni barakoa za kiwango cha N95 au FFP2, zenye waya wa kubana juu ya pua. Barakoa hizo zinahitaji kugusa ngozi pande zote, na mwenye ndevu ndefu zinamvujia. Sikwambii unyoe, mzee wangu. Nakwambia tu kwamba kama una ndevu, usiitegemee barakoa kama mpwa wako atakavyoitegemea, na kazi ya msasa uifanyie nje.

Ndiyo, msasa. Mashine ya mifuko haitaisaidia sana sanda yako, kwa sababu tundu lake ni dogo mno kwa feni ile. Kwa sasa piga msasa nje ya mlango, ukisimama ambapo upepo unapita kutoka ubavuni kwako na kuondoka na vumbi kuelekea minazini, usisimame upande linakokwenda. Fungu likipatikana baadaye, hapo ndipo utakapokinunua kile kifyonza cha ndoo, kwa ajili ya sanda na kusafishia sakafu. Ufagio mkavu uache. Unanyanyua tena kilichokwisha kutua. Tumia kitambaa chenye unyevu, au mopu.

Umeme usiuchukulie kirahisi. Mota ya nguvu za farasi 2 ni takriban kilowati 1.5 za kazi, na inavuta ampia 9 hivi ikiwa inakwenda, na nyingi zaidi inapoanza. Msumeno wako hauko mbali na hapo. Vyote viwili kwenye waya mmoja wa kurefushia vitayeyusha plagi. Mwite fundi umeme avute laini ya pekee kutoka kwenye mita, waya wa milimita za mraba 2.5 na swichi yake ya kinga, nawe uwashe feni kwanza, msumeno baadaye. Kwenye LUKU tarajia karibu yuniti 2 kwa kila saa ambayo feni inafanya kazi.

Uchochoroni ijengee kibanda cha bati chenye pande zilizo wazi kwa wavu, ili mvua ya masika isiulowanishe mfuko. Kitambaa kilichopata unyevu hushika unga ukawa kama udongo, na hewa haipiti tena. Utikise mfuko wa juu ukiwa mkavu, feni ikiwa imezimwa. Mashine ya kunolea usiiunganishe kabisa na mabomba haya, kwa sababu cheche ya chuma inaweza kukaa ndani ya maranda kwa saa nyingi kabla ya kuwaka moto, na mfuko uliojaa usilale usiku bila kumwagwa. Kwa sababu hiyohiyo sipendi tundu la sakafuni ambalo wengine huliweka ili kufagilia maranda moja kwa moja bombani. Msumari utakaookotwa humo utapiga panga za feni na kutoa cheche.

Utakapokwenda kuipokea mashine, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Sikiliza kama panga zinagusa ganda lake, tazama kama zimetengenezwa kwa chuma au kwa plastiki (chagua chuma), uliza kama anauza mifuko ya akiba na kapasita ya mota, kisha pima kwa futi ile midomo ya inchi 4 na ulinganishe na bomba utakalolinunua, kwa kuwa vipimo hivi viwili mara nyingi hupishana kwa milimita kadhaa na utahitaji raba na klipu za kufungia.